Masikio ya Oketch

Katika kiwanda cha majani chai cha Kapsambu, kule juu ukitoka Kericho kuelekea Bomet, mtu aliyekuwa na maoni makali kuliko wote kuhusu chai alikuwa Jerusa, mpika chai wa ofisini, na maoni yake ni kwamba wenye kiwanda hawajui chai. Wao waliikausha, wakaichekecha, wakaionja kwa kijiko na kuitema. Yeye aliichemsha na maziwa na tangawizi mpaka harufu ikapanda ngazi ikaingia kila ofisi. Meneja alikuwa amemweleza mara nyingi kwamba chai bora haitaki kutiwa kitu kingine. Jerusa alimsikiliza kwa adabu, kisha akamletea kikombe chenye tangawizi, naye akakinywa chote. Waliishi hivyo kwa amani miaka mingi.

Alikuja Kapsambu kutoka Nyakach akiwa bibi harusi, amemfuata mumewe Oketch, mtu wa boila. Kazi ya Oketch ilikuwa kulisha kuni lile tanuri kubwa, na aliifanya vizuri, lakini hakujulikana kwa kazi. Alijulikana kwa masikio. Yalikuwa makubwa, yamesimama kando ya kichwa, na la kushoto lilikuwa limejikunja kwa juu kama kona ya daftari la mtoto wa shule. Kofia ya kazi ilimkataa. Watu wa kambi ya wafanyakazi walisema Oketch akitega sikio anamsikia mkubwa wa Nairobi akikasirika. Jerusa mwenyewe aliyacheka masikio hayo maisha yote ya ndoa, na siku ya kumzika alilia zaidi alipoona jinsi jeneza lilivyoyabana.

Binti yao Molly aliolewa na kijana wa kwao, Phelix, mtu wa kusoma, ambaye baadaye alimchukua wakaenda Amerika, mji wa Kolambasi, yeye akisomea mambo ya udongo. Jerusa alipata taabu kuelewa kwa nini mtu avuke bahari kutafuta udongo. Lakini hakumuuliza, kwa sababu Phelix ni mkwe, na kwao mtu na mama mkwe wake hupeana nafasi. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakaziani macho. Si uadui, ni heshima, tena heshima yenye kazi nyingi kuliko uadui. Phelix alipokuja na wazee wake kuzungumza habari ya ng'ombe wa mahari, alikaa kiti cha karibu na mlango, ameinamisha kichwa, na Jerusa alipita akiwa ameinamisha cha kwake. Kwa hiyo mkwe wake alimjua kwa viatu. Vilikuwa vyeusi, vimepigwa rangi vizuri, na tope la Kericho lilikuwa limevishika upande mmoja tu, jambo lililomwonyesha Jerusa kwamba kijana hutazama anapokanyaga. Aliridhika na viatu hivyo.

Molly alipopata mimba, Jerusa aliota. Alimwona Oketch amesimama mlangoni pa boila, kofia mkononi, akisema kwamba anasikia baridi. Kwao ndoto kama hiyo haihitaji mtu wa kuifafanua: marehemu anataka jina lake apewe mtoto. Kwa hiyo asubuhi Jerusa alitoa habari, na hakutaja kwamba kabla ya kulala alikuwa amekula omena, wale dagaa wa ziwani, za kukaanga na ugali uliobaki, wote. Ubaya ni kwamba watu wa Phelix walikuwa wameshaweka tayari jina la babu yao, na mtoto ni wa kwao. Phelix alifikiri siku kadhaa, halafu akakubali. Mtoto akaitwa Oketch. Huko kwao Phelix walisikika wakisema kwamba yule mama ameota kwa sauti kubwa mno.

Maneno hayo yalimfikia Jerusa, yakamkaa. Mchana alijiambia kwamba ndoto ilikuwa ya kweli. Akipika omena alianza kuwa na shaka. Na jirani yake Kemuma, mchumaji chai kutoka Kisii ambaye hakuwahi kuona kidonda akakiacha bila kukigusa, alimwambia kwamba jambo hilo ni rahisi: kama ni Oketch wa boila kweli, masikio yatasema. Kutoka hapo Jerusa hakutaka kitu kingine duniani ila kuyaona masikio ya mjukuu wake. Kama hayapo, basi yeye ni mwanamke aliyewanyang'anya watu jina la babu yao kwa sababu ya shibe.

Picha ilikuja kwa posta. Ilikuwa ni majira ya baridi huko, na mtoto alikuwa amevikwa kofia ya sufu iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi na kufungwa kamba chini ya kidevu. Jerusa aliigeuza picha akaangalia hata nyuma yake.

Huo ulikuwa mwaka wa 1999, na ofisini kulikuwa na kompyuta mpya iliyofunikwa kitambaa, ikitumiwa na karani mmoja tu, Kimeli, mwenyeji wa Kipkelion. Kimeli alikuwa ametoka Nairobi kwenye kozi, na tangu arudi hakuwa akifungua kitu, alikuwa aki-open. Meneja, aliyechoka safari za mikutano ya Mombasa, alikuwa amesikia kwamba siku hizi watu wanakutana uso kwa uso ndani ya kompyuta, na kwamba kuna programu za bure za kufanya hivyo. Akamwazima Kimeli kamera kutoka makao makuu, kijidude cha mviringo kinachofanana na jicho la mbuzi, akamwagiza azijaribu hizo programu, azilinganishe, amwambie ipi inafaa kabla ya mwisho wa Machi, kwa maana kamera ilitakiwa kurudi. Wahenga walisema rahisi ni ghali, lakini habari ya bure hawakuitaja, kwa hiyo Kimeli alianza kazi kwa matumaini.

Akakwama mara moja. Mkutano unataka watu wawili, na huko Mombasa hakuna aliyekuwa na kamera. Katika watu wote waliofahamika na kiwanda cha Kapsambu, mwenye kamera na kompyuta alikuwa mmoja tu, naye ni binti wa mama wa chai. Kimeli alimwendea Jerusa kama mtu anayempa zawadi. Jerusa alikubali kama mtu anayemsaidia maskini. Wote wawili walikuwa sawa, na meneja akaruhusu iwe Jumapili alasiri, wakati laini ya simu haina kazi na huko Amerika kumekucha.

Jumapili ya kwanza Jerusa alifika na gauni la kanisani, kitambaa cheupe kichwani, amejipaka mafuta mpaka mikono inang'aa. Kompyuta ililia na kukoroma kama inavyofanya ikitafuta Nairobi, kisha sauti ya Molly ikatokea, safi kabisa, kana kwamba yuko chumba cha pili. Lakini mahali pa uso palikuwa na mraba wa kijivu. Kimeli alibonyeza huku na huku. Mraba ukabaki mraba.

"Mama Molly, hii ya kwanza iko na sauti poa sana," Kimeli akasema, "lakini uso imekataa."

"Kimeli, mimi sikuvaa hii nguo ndio nisikie," Jerusa akamjibu. "Kusikia, hata simu ingenisikizisha."

Hata hivyo alizungumza. Aliulizia baridi, aliulizia chakula, alimsikia mtoto akilia na akasifu kifua chake. Swali lenyewe alilizunguka. Angeuliza vipi habari ya masikio, na mkwe pengine yuko hapo anasikiliza, naye ndiye aliyeacha jina la babu yake? Mwishowe aliuliza kama mtoto anasikia vizuri. Molly akasema anasikia vizuri sana. Jerusa akasema amefurahi, na akarudi nyumbani akiwa amekasirika.

Jumapili ya pili Kimeli alileta programu nyingine. Hii ilikuwa na uso, na sauti ndiyo iliyokataa. Molly akatokea kiooni, akiruka kidogo kidogo, mara mdomo wazi, mara umefungwa, na Jerusa akashika meza kwa furaha, kwa maana binti yake alikuwa amenenepa vizuri. Molly alisema kitu kisichosikika, akainuka, akatoka. Kiti kikabaki kitupu kwa muda. Kisha akaja kukaa mtu mwingine, mwanamume, na mapajani amembeba mtoto.

Jerusa hakusubiri kuona zaidi. Aligeuka akautazama ukuta, akavuta kitambaa mpaka usoni, akakaa hivyo, mgongo wake umeielekea kamera. Na huko Kolambasi, Phelix, ambaye naye hakutarajia kumkuta mama mkwe ametanda kwenye kioo chote, aliinama chini ya meza yeye na mtoto wake. Basi kiti kitupu cha Amerika kikabaki kinatazamana na mgongo wa Kapsambu.

Kimeli alikuwa chini akikaza nyaya. Alipoinua kichwa aliona kiti kisicho na mtu. Kwao Kipkelion pia wakwe wanaheshimiana, tena sana, lakini kompyuta ilikuwa imemchukua mawazo yote, na akili yake ilienda kwenye programu moja kwa moja. Alisubiri. Alipiga kioo kofi dogo. Mwishowe akazima, akawasha tena, na kabla Nairobi haijapatikana mvua ya saa kumi ikashuka na radi yake, laini ikakatika. Kimeli akasema kwa masikitiko kwamba hii ya pili ina kasoro mbaya: watu wanapotea. Jerusa aliinuka akaenda jikoni. Alimpikia chai, akaongeza tangawizi.

Kemuma aliposikia alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi na kikapu chake. "Macho haina pazia, Mama Molly," akasema alipoweza. "Ungeangalia tu. Mkwe hangekufa."

Jerusa alimwambia kwamba yeye Kemuma angeweza kumwangalia hata shetani, na kwamba kuna watu waliolelewa. Lakini usiku huo alijuta. Mtoto alikuwa pale, mbele yake, kichwa wazi bila kofia, na yeye alikuwa anasoma rangi ya ukuta wa kiwanda. Aliona uchungu kweli. Na bado alijua kwamba angerudishwa pale pale, angegeuka tena, maana shingo ilikuwa imezoea kabla yeye hajafikiri.

Katikati ya juma alimkuta Kimeli akiifuta kamera kwa kitambaa, tayari kuirudisha, na akaona hakuna njia ila kusema ukweli. Alimwambia kwamba programu haikupoteza mtu. Mtu alijipoteza mwenyewe, na yeye pia. Kimeli alielewa polepole, halafu yote kwa pamoja, akaweka kamera chini isimponyoke. Akiwa katikati ya kicheko aliona jinsi uso wa mama ulivyokuwa, akaacha. Akasema iko programu ya tatu hajaijaribu, na kwamba Jumapili moja bado ni ya kwao. Kisha akakaa akamwandikia Molly kwa kompyuta kueleza mambo yalivyokwenda. Jibu lilikuja kesho yake. Molly alisema Phelix alikaa chini ya meza mpaka miguu ikafa ganzi, akimsubiri mama atoke, na anaomba radhi kwa kuonekana.

Jumapili ya tatu mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika tangu ibadani, na Jerusa aliomba sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba, kuhusu mvua. Programu ya tatu ilikuwa na vyote, sauti na uso, lakini kwa ubahili. Sauti ilichelewa, ukisema neno unahesabu moyoni kabla hujajibiwa, na picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kibiriti. Kimeli alisogeza kiti cha Jerusa mpaka pua yake ikakaribia kioo.

Molly alitokea, kichwa kama punje ya hindi. Walisalimiana kwa zamu, wakisubiriana. Kisha Molly akasema mtoto anakuja, na Jerusa akafumba macho, akavuta kitambaa mdomoni, shingo yake imeanza kugeuka.

"Mama, usigeuke," sauti ya Molly ikafika. "Phelix yuko nyuma ya shuka. Hutamwona."

Jerusa akafungua jicho moja. Kweli, mahali pa kiti palikuwa na shuka la maua limetandazwa toka juu mpaka chini, na Kemuma na misemo yake wangenyamaza kama wangeliona, maana lilikuwa pazia kamili. Katikati ya shuka, kwenye mpasuko, ilitokea mikono miwili, na kwenye mikono hiyo mtoto, ananing'inia mbele ya maua kama aliyeota hapo. Alikuwa amekasirika na hakuwa na kofia. Kimeli aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika, akajifanya anaangalia mawingu.

Kwa ukubwa wa kibiriti, hata hivyo, mtoto ni mtoto tu. Jerusa aliona doa jeupe lenye mdomo. Alikodoa macho, akaliona doa, akakodoa tena. Aliona machozi yanakuja, ya hasira, akayakataza kwa sababu yangemharibia kidogo kilichopo. Ndipo ile mikono ikasogea. Haikuambiwa na mtu. Ilimleta mtoto mbele, polepole, karibu na kamera, ikamgeuza ubavu, mpaka kile kibiriti kizima kikajaa sikio.

Lilikuwa sikio kubwa. Lilisimama kando ya kichwa. Lakini lilikuwa la kulia, laini, bila mkunjo, na Jerusa, ambaye amewaona watoto wengi kambini, alijua kwamba sikio kubwa peke yake si ushahidi. Watoto wengi huzaliwa wana masikio yaliyokitangulia kichwa, baadaye kichwa kikayafikia. Alitaka kusema, hebu lile lingine. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Nje radi ilipiga upande wa Londiani, na Kimeli akasema mama aharakishe.

Akaitazama mikono. Alikuwa hajawahi kuiona. Ilikuwa na vidole virefu na kucha safi, na iliishika shingo ya mtoto jinsi inavyotakiwa, kiganja kizima, bila kubana. Kidole kimoja kilikuwa na plasta. Kijana huyu alikuwa ametundika shuka la kitanda chake asubuhi ya Jumapili katika nchi ya watu, akasimama nyuma yake na mikono mbele, kwa sababu ya shingo ya mwanamke mmoja mpika chai. Alikuwa ameacha jina la babu yake kwa sababu ya ndoto ambayo hakuiota. Na ghafla Jerusa aliona aibu kwamba amekuja hapa, Jumapili tatu, kukagua. Jina lilikuwa limeshatolewa. Mtoto alikuwa Oketch kwa sababu mtu alikubali awe Oketch, awe na masikio ama asiwe nayo.

Basi Jerusa, ambaye hakuwahi kumwelekezea mkwe wake hata neno moja bila kupitia kwa mtu mwingine, alijisogeza mbele, akaondoa kitambaa mdomoni, akasema na shuka.

"Baba Oketch," akasema. "Asante."

Neno likaondoka. Kiooni hakuna kilichobadilika, sikio lilibaki pale pale, na Kimeli alisahau dirisha akaja kusimama nyuma ya kiti. Wakasubiri neno livuke bahari. Mikono haikujua bado. Kisha ikajua, kwa maana ilisimama kabisa, na kile kidole chenye plasta kikamgusa mtoto shavuni. Nyuma ya shuka mtu alikohoa, wala hakujibu, kwa kuwa alikuwa amelelewa.

Lakini mikono ilimgeuza mtoto upande wa pili, ikamsogeza tena mpaka kwenye kamera, na kwa kidole kimoja ikarudisha nyuma nywele laini zilizofunika. Sikio la kushoto likakijaza kibiriti. Juu yake palikuwa na mkunjo.

Jerusa alilitazama mpaka mvua ikaikata laini, na baada ya hapo akaendelea kukitazama kioo cheusi, akicheka na kujifuta, akimwambia Oketch polepole kwa Kijaluo kwamba sasa avae kofia, huko kuna baridi.